Mwalimu wa Bayolojia na Kipande cha Reli

Mwalimu wetu wa bayolojia alivaa sweta Voi. Anayeujua mji huu hahitaji maelezo zaidi. Asiyeujua aelewe tu kwamba hapa hata mbuzi hutafuta kivuli kabla ya saa nne. Sweta yenyewe ilikuwa ya kijivu, ya vifungo, na mfuko wake wa kifuani ulijaa vumbi la chaki. Alitoka Mghange, kule juu milimani ambako ukungu huingia jikoni bila kubisha hodi, na aliposhuka kuja kufundisha aliamua kwamba joto la Voi ni jambo la muda. Alifundisha mpaka akastaafu akisubiri lipite.

Jina lake silitaji. Nilipomwomba ruhusa ya kumwandika alikubali kwa sharti hilo.

“Andika tu, Bwana Insha,” aliniambia. “Lakini ukiweka jina, watu wataanza kunipigia simu kuniuliza habari za figo.”

Bwana Insha ndilo jina alilonipa nikiwa kidato cha pili, baada ya kusoma jibu langu kuhusu mmeng’enyo wa chakula, kurasa mbili zilizojaa, na kuandika chini yake: “Maneno mengi, enzaimu hakuna.” Tangu hapo nimeishi kwa kuandika insha, na bado sijapata mhakiki aliyenisoma kwa makini namna ile.

Somo lake lilifundishwa kwa Kiingereza, na shule ilikuwa kali kuhusu lugha. Aliitii sheria hiyo karibu kipindi kizima. Alimaliza kilichokuwa kitabuni, akakifunga kitabu, akakilaza mezani kama mtu anayetua mzigo, halafu akasema, “Sasa tuongee. Hii haiko kwa mtihani.” Wenzangu wenye akili waliweka kalamu chini. Mimi ndipo nilipoamka.

Siku ya virusi alichora ubaoni nyumba kwenye mteremko, na jiko ndani yake.

“Hii ni seli. Virusi ni mgeni asiye na jiko. Anaingia kwa jiko lako, anapika chakula chake, anakumalizia unga, kisha anatoka na watoto wake kwa ukuta.”

“Na seli inajuaje kama ameingia?” Aliyeuliza alikuwa Mwakio, mwenzangu wa dawati moja.

“Kwa kupapasa. Ndani kuna walinzi wadogo wanaopapasa kila kitu kinachopita. Wakishika kitu ambacho umbo lake si la nyumba hii, wanapitisha habari mpaka kwenye kiini, na kiini kinaagiza debe lipigwe. Debe lina jina lake, interferoni, lakini sisi tuliite debe.”

“Linamfukuza?”

“Mwenye nyumba mara nyingi ameshachelewa. Debe ni la majirani. Wakilisikia wanafunga milango, wanaficha unga, wanazima jiko. Mgeni akifika kwao anakuta hakuna pa kupikia. Na hii kinga hufundishwi na mtu. Unazaliwa nayo. Hata seli jinga kama ya Bwana Insha inayo.”

Darasa lilicheka, nami pia, kwa kuchelewa kidogo. Hakuna aliyehitaji kuelezwa debe ni nini. Wengi wetu tulitoka mashamba yaliyopakana na mbuga, na tulikua tukijua kwamba ndovu akikanyaga ndengu zako unachukua debe au kipande cha bati na kupiga mpaka mikono ife ganzi.

Alikuwa pia mwalimu wa nidhamu, kazi ambayo kwa kawaida hupewa mtu mwenye sauti kubwa. Sauti yake ilibidi uisogelee. Ukikosa alikupa adhabu, mara nyingi kumwagilia miche nyuma ya maabara, na ukimaliza ulirudi kumwonyesha ndoo tupu. Hapo alisema neno moja: “Imeisha.” Baada ya neno hilo hakuna aliyeruhusiwa kulitaja kosa lako tena. Asubuhi moja mwalimu mwenzake alimkuta Mwakio amechelewa gwarideni, akamwambia, “Wewe si ndiye yule aliyeruka ua?” Mwalimu wetu alikuwa amesimama kando. “Hiyo imeisha, mwalimu,” akasema polepole. “Shughulika na ya leo.” Mwakio, ambaye sasa ana wajukuu, bado husimulia habari hiyo kama mtu aliyewahi kutetewa na mahakama kuu.

Nilidhani wakati ule kwamba huo ulikuwa upole. Sasa nadhani ilikuwa zaidi ni njia ya kufanya kazi. Kwake yeye adhabu isiyo na mwisho ilikuwa kifaa kibovu, kama bomba lisilofungika.

Lakini utaratibu huo ulikuwa na tundu moja, nalo lilikuwa yeye mwenyewe. Alicheza drafti kila Jumapili na baba yake Mwakio, kwa vifuniko vya soda. Akishinda alisahau kabla ya kufika nyumbani. Akishindwa alirudi katikati ya juma, na sweta yake, akasimama mlangoni na kusema, “Pale uliponila mbili, ningepeleka ile ya pembeni.” Baba Mwakio alikuwa anajibu bila kuinua macho kutoka kwa ugali wake, “Mwalimu, hiyo ilikuwa Jumapili.” Makosa ya wengine aliyafunga siku ileile. Yake aliyafuga.

Ujirani wao ulitokana na shamba alilonunua chini ya mlima Sagalla, mahali ambapo maji ni ya kubebwa na ndovu ni wa kuja wenyewe. Mimi nilikuwa nimemaliza chuo kikuu wakati huo, nina shahada na sina kazi, nikikaa kwa akina Mwakio kwa kisingizio cha kuwasaidia kulima. Kwa hiyo nilikuwepo jioni ile ambayo Mwalimu hakuacha kuizungumza.

Jua lilikuwa bado juu ya mlima. Ndovu mmoja aliingia kwenye kona ya shamba la baba Mwakio, na mama mmoja jirani akapiga debe. Aliyesikia akapiga lake. Wa pili yake naye akapiga. Kelele ikazunguka mlima, na ilipofika upande wa pili ikaturudia kama habari mpya, tukadhani kuna ndovu mwingine kule. Tukakimbilia kule. Waliokuwa kule walisikia kelele zetu, wakawa wanakimbilia kwetu. Tulikutana katikati ya ndengu za baba Mwakio, mapanga mkononi, tukaulizana yuko wapi. Hakuna aliyejua, kwa hiyo tukapiga zaidi. Nilikimbia sana jioni ile, kwa ushujaa ambao sijawahi kuurudia, na mpaka leo sijui nilikuwa nakimbilia nini. Ndovu, tulikuja kuelewa kutokana na nyayo zake, alikuwa ameondoka mapema, pengine kwa kuchoshwa na sisi.

Asubuhi baba Mwakio alitutembeza shambani. Mwisho akanyoosha kidole. “Ndovu amekula pale pembeni,” akasema. “Hapa katikati ni viatu vyenu.”

Mwalimu alichuchumaa, akaokota ganda la ndengu lililopondwa na kulitia katika mfuko wa chaki.

“Niliwafundisha nani anapiga debe,” akaniambia. “Sikuwafundisha nani analinyamazisha.”

“Haikuwa kwa mtihani,” nikasema.

Hakucheka.

Shule ilikuwa imeweka kengele ya umeme, na kipande cha reli kilichogongwa kutuamsha miaka yote kilikuwa kimetupwa nyuma ya stoo. Alikiomba, akakibeba kwa mkokoteni mpaka Sagalla, akakitundika kwenye mwarobaini mbele ya nyumba yake. Kisha akaita majirani uani kwa baba Mwakio na kuwaeleza sheria. Debe lingepigwa kama zamani. Lakini aliyelipiga wa kwanza ndiye mwenye kazi ya kwenda kutazama kwa macho yake, na akiona mnyama ameondoka, aje agonge reli, polepole. Na kila anayesikia reli anyamaze hapohapo, hata kama moyo wake bado unamwambia apige.

“Na kama huyo mtazamaji amedanganyika?” baba Mwakio aliuliza. “Kama ndovu amejificha?”

“Basi atakula pembeni.”

“Pembeni ni kwangu.”

“Na katikati pia ni kwako,” Mwalimu akajibu. “Chagua unataka kubaki na nini.”

Walibishana mpaka kimanga cha muhogo na maharagwe kikapoa. Mwisho walikubali, nadhani kwa sababu ya njaa. Lakini reli ilifanya kazi. Wako ndovu waliofaidi kwa sababu ya kunyamaza kwetu, sikatai, na baba Mwakio hakuacha kuwataja mmoja mmoja. Katikati ya shamba, hata hivyo, hapakukanyagwa tena.

Elimu yenyewe ya kunyamazisha, ile ya ndani ya seli, alikuja kuisoma akiwa amestaafu. Sababu ilikuwa mkewe.

Huyu mama alikuwa fundi cherehani mjini Voi. Nusu ya sare za shule za mji zilipita mikononi mwake, na mdomo wake ulikuwa mkali kuliko mkasi wake. Naye alimwita Mwalimu, kama sisi wote. “Mwalimu, kunywa chai kabla haijawa mtihani,” angemwambia mumewe akiwa amezama katika kusoma. Majirani walimwita Mama Wakesho, kwa jina la binti yao anayeishi Mombasa. Miaka kadhaa kabla ya corona vidole vyake vilianza kuamka vimekakamaa. Baadaye mashavu yakapata wekundu usioondoka, miguu ikavimba, na baada ya kuzungushwa hospitali kwa hospitali akaambiwa ana ugonjwa unaoitwa lupus, na kwamba umeanza kugusa figo.

Mwalimu alimweleza mkewe, kisha akanieleza mimi, kwa mchoro uleule wa nyumba kwenye mteremko. Safari hii hakuchora mgeni. “Kwake debe linapigwa na ndovu hayuko,” akasema. “Walinzi wanapapasa vyombo vya nyumba yenyewe na kuviita vya kigeni. Majirani wanaitikia. Na viatu vinapita katikati.”

Akanunua simu kubwa, yeye aliyekuwa akiziita simu pipi za watu wazima, na akasoma. Nilipomtembelea alikuwa ananingoja na alichokigundua. Kilichomfurahisha kuliko vyote ni kwamba amri inayoleta kelele ndiyo hiyohiyo inayomleta mnyamazishaji. Seli ikisikia debe la jirani inaanza kutengeneza silaha, na pamoja na silaha inatengeneza protini ndogo ambazo kazi yake ni kwenda kwenye masikio ya seli na kuyaziba taratibu. Protini nyingine huwabandika alama walinzi waliochangamka kupita kiasi, ili waondolewe na kuvunjwavunjwa.

“Kwa hiyo breki inatengenezwa na mwendo,” nikasema, nikijaribu kuonyesha kwamba nimeelewa.

“Angalau hiyo umeipata kwa maneno machache. Lakini ona, breki inachelewa kidogo. Na ni vizuri ichelewe. Ikiwahi, mgeni anakula nyumba. Ikichelewa sana, nyumba inajila yenyewe. Kazi yote ni hapo katikati.” Akanitazama juu ya miwani. “Na wako virusi wanaokuja na vifaa vyao vya kuzima debe, wanaingia kimya wanakaa. Hao ndio wasomi.”

Mama Wakesho alipewa vidonge vya kuituliza kinga yake. Nyumbani mle vidonge vikaitwa reli. Kila asubuhi, pamoja na uji, ulisikia Mwalimu akiuliza kutoka uani, “Umegonga reli?” na mkewe akijibu kutoka kwenye cherehani, “Nimegonga, na wewe umelisha kuku?” Vidole vililegea. Wekundu ukapungua. Akarudi kushona kola, ambazo ndizo kazi ngumu kwa vidole vibovu. Hivyo wakaishi, na nilidhani nimeshajua habari yao yote.

Kisha ikaja corona, na nchi nzima ikaanza kuhubiri jambo moja: ongeza kinga. Redioni ilikuwa ongeza kinga, kanisani ongeza kinga, na simu ya Mwalimu ilijaa tangawizi, malimau na vitunguu saumu. Dada yake Mama Wakesho, anayeuza machungwa kwa madereva wa malori kule Miasenyi, alileta pakiti ya unga wa kijani aliouziwa barabarani na mtu aliyeapa kwamba unaamsha kinga iliyolala. Dada huyo ana roho nzuri. Alitembea sehemu ya safari ile kwa miguu ili auwasilishe.

“Shemeji,” alimwambia Mwalimu, amesimama mbali na barakoa yake kidevuni, “watu wote wanatafuta kinga. Wewe kila asubuhi unampa dada yangu dawa ya kuipunguza?”

Mwalimu mwenyewe ndiye aliyenisimulia haya. Aliniambia kwamba jibu alikuwa nalo. Alikuwa amelitoa darasani, uani kwa baba Mwakio, na mbele yangu mara nisizoweza kuhesabu. Angemweleza shemeji yake kwamba huwezi kuongeza kelele ukadhani umeongeza ulinzi. Hakusema kitu. Siku zile jirani mmoja alikuwa amezikwa haraka haraka na watu waliovaa nguo nyeupe kama walina asali, na Mwalimu alikuwa amesimama mbali akitazama. Aliporudi nyumbani na kuushika mfuko wa vidonge, aliona jambo moja tu: mgeni yuko mlangoni, na yeye ndiye anayenyamazisha debe.

Hospitali aliogopa kwenda. Simu kwa daktari hakupiga. Alipunguza vidonge kwanza, kisha akavisimamisha. “Tunasimamisha reli kwa muda,” alimwambia mkewe, “mpaka huyu mgeni apite.” Mkewe, ambaye hakuwahi kukubali jambo lolote la mumewe bila kulitania, safari hii alikubali bila neno. Alimwamini. Hilo ndilo Mwalimu hakuweza kulimeza.

Mgeni hakuwahi kufika kwao, au kama alifika hatukujua. Kilichofika ni kelele ya nyumba yenyewe. Mashavu yaliwaka tena. Vidole vikagoma. Kisha miguu ikavimba mpaka viatu vikakataa, na mkojo ukawa na povu. Mwakio ndiye aliyetafuta gari la kuwapeleka hospitali.

Daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye macho ya kukosa usingizi. Mwalimu alinisimulia maongezi yao neno kwa neno, kama anavyosimulia drafti aliyoshindwa.

“Nani amesimamisha dawa?”

“Mimi.”

“Wewe ni nani?”

“Mume wake. Nilikuwa mwalimu wa bayolojia.”

Daktari aliandika kidogo, akaacha. “Basi unajua, mzee.”

“Najua.”

“Hizi dawa hazikatwi ghafla hata kidogo. Ungenipigia tu simu.”

“Najua.”

Hakumgombeza zaidi ya hapo. Afadhali angemgombeza. Mama Wakesho alikaa wodini mpaka tulipoanza kuongea kwa sauti ya chini kila tulipokutana, na Wakesho akaja kutoka Mombasa na nguo ambazo hakutaka kusema ni za nini. Lakini vidonge vilirudishwa, vikaongezwa, vikafanya kazi yao polepole. Alitoka akiwa hai. Figo zake zilitoka zimepungua nguvu, na hazikurudi zilivyokuwa.

Nimeandika haya yote ili nifike kwenye mchana mmoja wa mwaka huu, nilipopanda bodaboda kutoka mjini kwenda kuwaona. Nilikuwa nimesikia kutoka kwa Mwakio kwamba Mwalimu haendi tena drafti. “Amekuwa nesi,” Mwakio aliniambia. “Na mgonjwa wake amechoka naye kuliko alivyochoka na ugonjwa.”

Niliwakuta uani. Mama Wakesho alikuwa kwenye cherehani, kitambaa cha sare ya buluu mapajani. Mwalimu alikuwa na sweta yake, na mbele yake mashine ya kupimia presha, kipimajoto, na kikombe cha maji chenye alama pembeni. Alikuwa amekonda. Sikupata hata nafasi ya kusalimia vizuri.

“Miguu?” alimuuliza mkewe.

“Ipo.”

“Imevimba?”

“Ni ileile uliyoiuliza sasa hivi.”

“Bonyeza nione.”

“Karibu, mwanangu,” Mama Wakesho akaniambia, akinyoosha mguu na mumewe akiubonyeza kwa kidole gumba. “Wewe huandika. Andika kwamba nimeolewa na kliniki.”

Walikuwa wametoka kumwona daktari siku iliyotangulia. Ni yuleyule, sasa amepata usingizi kidogo. Aliwaambia kwamba figo zimetulia kwa muda mrefu sasa, kwamba dawa ziendelee vilevile, na kwamba Mama aishi maisha yake. Mama Wakesho alinieleza haya huku akitia uzi kwenye sindano. Mwalimu alitikisa kichwa.

“Vipimo vya hapa si vya kutegemea. Twende Mombasa, tupime upya.”

“Tulipima Mombasa.”

“Tupime tena. Na usiku nitakuwa nakuamsha kukuangalia. Nikilala mimi ndiyo mambo yanaharibika. Mimi ndiye niliyevisimamisha, Mama Wakesho. Nilijua, nikavisimamisha.”

Alilisema jambo hilo kama mtu anayelisema kwa mara ya kwanza. Kwa jinsi Mama Wakesho alivyoweka sindano chini, nilielewa kwamba lilisemwa kila siku.

“Mwalimu. Uliniua?”

“Karibu.”

“Nimekufa?”

“Hapana, lakini…”

“Nakuuliza swali la ndiyo au hapana.”

“Hapana.”

“Haya.”

Mwalimu alianza tena. Figo, alisema, hazirudi. Povu la mkojo alipaswa kuliona mapema. Ile asubuhi ya kwanza ya kupunguza vidonge angekuwa amempigia daktari, namba ilikuwa kwenye simu. Nilijaribu kuleta habari za mvua. Sauti yake haikupanda hata kidogo, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya, kwa sababu hakuna mlango ambao ungeufunga ukaacha kuisikia.

Mama Wakesho aliinuka, akishikilia meza. Nilitaka kumsaidia, akanikataza kwa mkono. Alitembea polepole mpaka kwenye mwarobaini, akaokota nondo ya chuma iliyokuwa imelala chini yake, na kuigonga reli. Aligonga taratibu, kwa vidole vile vilivyopinda, akaiacha kila sauti ifike mlimani kabla ya kuleta nyingine.

Mbali, shambani, Mwakio aliinua kichwa kutoka kwenye ndengu zake. “Mama Wakesho,” akaita, “mbona sikusikia debe?”

“Wewe uko mbali,” akamjibu. “Hapa halijanyamaza tangu corona.”

Kisha akamgeukia mumewe. Alikuwa anahema kidogo, nondo bado mkononi.

“Nimeenda nimetazama mimi mwenyewe,” akasema. “Mwili ni wangu, nimeutazama. Hayuko. Amekula pembeni, ameondoka. Imeisha.”

Mwalimu alifungua mdomo. Niliona neno likija. Ilikuwa ni sheria yake, aliyoibishania mpaka kimanga kikapoa: kila anayesikia reli anyamaze hapohapo, hata kama moyo wake bado unamwambia apige. Aliutazama mwarobaini, kisha mkewe. Mdomo ukafungika. Uso wake ulikunjamana kama wa mtu aliyebeba kitu kizito akaambiwa atue, asijue aanze na mkono upi.

Tulikaa hivyo mpaka mlio wa reli ukaisha kabisa. Mama Wakesho alirudi kwenye kiti chake kwa hatua zilezile za polepole. Alipompita mumewe aliivuta sweta begani.

“Na hii je?”

“Hiyo ni habari nyingine,” Mwalimu akasema. “Joto hili litapita.”

Alichukua mashine ya presha, akaukunja mpira wake vizuri, akaiweka chini ya meza. Kipimajoto kikafuata. Akabaki na kikombe, akakitazama, akanywa maji yaliyokuwemo. Kisha akaniuliza, kana kwamba nimefika sasa hivi, kama baba yake Mwakio bado anacheza drafti siku za Jumapili. Nikamwambia anacheza, na kwamba siku hizi anajishinda mwenyewe kwa kukosa mtu.

Nyuma yetu cherehani ikaanza.